Kaseti ya Matete

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mtu wa maana kila Jumamosi asubuhi. Siku nyingine sita nilikuwa kijana wa duka la kurekodi kanda pale Thika, mtu wa kuletewa karatasi yenye orodha ya nyimbo na kuambiwa zote ziwe zimeingia upande mmoja kufikia saa kumi. Lakini Jumamosi nilishika wokmani, mashine ndogo ya kaseti ya kubeba mkononi, na watu wazima wenye kazi zao walinyamaza nikiinua mkono.

Tulikuwa saba. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa Membley, mwalimu wa bayolojia aliyestaafu, na sote tulimwita Mwalimu. Alitukusanya kuhesabu ndege kwenye mashamba ya kahawa, kando ya mito na kwenye bwawa moja lililo kati ya Ruiru na Thika, njia ileile kila wiki, tuone nani wanaongezeka na nani wanapotea. Vifaa vilikuwa vyake: darubini mbili, kitabu kimoja cha picha, na wokmani yenye spika ndogo ya kuchomeka, ambayo bintiye alimletea kutoka ng'ambo pamoja na kaseti sita za sauti za ndege.

Kaseti hizo zilikuwa za kusikilizia sebuleni. Ndege walipangwa kama kwenye kitabu, kuanzia mbuni, na kabla ya kila mmoja kulikuwa na mzee wa Kizungu aliyetaja jina lake kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Sasa wewe uko porini, unataka ndege aliyejificha kichakani asikie sauti ya mwenzake ili ajibu. Utarudisha kanda, utaipeleka mbele, utamkuta mbuni, utamkuta yule mzee, na betri zinaisha. Hata ndege walimwogopa. Mara mbili nilimwona dudumizi akiondoka alipotajwa tu jina.

Kazi ya kuzipanga upya nilijipa mwenyewe. Dukani kulikuwa na deki mbili za kunakilia kanda na bisibisi ndogo. Nilichukua kaseti tupu, nikafungua skrubu, nikakata utepe ukabaki wa dakika tatu kila upande, nikaunga kwa kipande chembamba cha selotepu, nikafunga tena. Mzee wa Kizungu nilimwondoa kote. Niliacha wale ndege tunaoweza kuwakuta kweli, na nikawapanga kwa mahali na kwa saa: kaseti ya kwanza kahawa, ya pili mto, ya tatu maji yaliyo wazi, ya nne nyasi, ya tano matete. Katika kila moja alitangulia anayeimba mapema, akafuata anayengoja jua. Pembeni nilichonga alama kwa kisu, moja kwa ya kwanza, tano kwa ya tano, ili mkono uitambue kaseti ndani ya mfuko wakati macho yako kwenye kichaka. Kuirudisha mwanzo tulitumia kalamu ya wino, unaiingiza kwenye tundu na kuizungusha, tusile betri.

Na niliweka sheria. Tulitembea makundi mawili, moja kila upande wa bwawa, na sauti husafiri vizuri juu ya maji. Kwa hiyo anayepiga kanda aliandika saa na dakika, na kabla Mwalimu hajapewa hesabu, madaftari ya pande mbili yaliwekwa pamoja. Ndege aliyesikika upande huu dakika ileile kanda ilipopigwa upande ule alifutwa, hata kama uliapa. Mwalimu alisema hiyo sheria peke yake inatosha kunifanya mtu wa sayansi. Nililibeba hilo neno wiki nzima.

Ndege wa mwisho kwenye kaseti ya tano ndiye aliyenipa taabu. Alikuwa shoro, mmoja wa vindege vya kahawia vya kwenye matete ambavyo kwa macho huwezi kuvitofautisha. Sauti ndiyo kitambulisho chao. Huyu huanza polepole, kama mtu anayedondosha punje za mahindi kwenye sufuria moja moja, halafu anazimwaga zote. Mwalimu aliamini yumo kwenye bwawa letu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia. Hakuwemo kwenye kaseti sita. Mwalimu alimpata kwenye sahani ya santuri ya kuazima, na santuri ya dukani kwetu haikuwa na waya wa kuunganisha na deki, hivyo ilibidi niweke kipaza sauti mbele ya spika na kuomba kimya. Kimya hakikuwepo. Upande wa pili wa ukuta alikaa fundi viatu, mzee wa kofia, na nyundo yake ililia tangu asubuhi. Nikangoja Ijumaa mchana alipokwenda msikitini. Nilirekodi mara ya kwanza, ya pili, zote zikatoka hafifu, na katika ya tatu mzee alikuwa amerudi: ko, ko, mapigo mawili, yakaingia mwishoni mwa wimbo. Sahani ilitakiwa kurudi kwa mwenyewe siku hiyo. Nikaacha hivyo hivyo.

Basi, ndivyo mambo yalivyokuwa kabla ya yule msichana kuja.

Alikuja na Mwalimu kwenye gari, msichana wa miaka ishirini na kidogo, amevaa gambuti za shamba la maua la huko Ruiru alikokuwa akifanya kazi. Nyumbani kwao ni Murera, siku hizo alikuwa amepanga chumba Kimbo, si mbali na changu. Alitusalimia wote kwa mkono. Kisha tukaingia kwenye kahawa, na ndege akalia kwenye mti wa kivuli. Nikapiga goti, mkono mfukoni, kidole kinatafuta alama moja.

"Huyo hata usimtafute, anakuja," akasema, akakunja midomo na kupiga mluzi. Ndege akateremka hadi tawi la chini, akamwangalia.

Mwalimu alicheka. Nilikuwa nimemjua kwa miaka mitatu na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko cha msichana. Mimi nilibaki na goti kwenye matope na kaseti mkononi. Wivu uliniingia hapohapo, na sitauita jina lingine.

Tulipopumzika, karani mmoja wa benki, mwenzetu, alimuuliza alijifunzia wapi.

"Mtama," akasema. "Tukiwa watoto tulikuwa tunalinda mtama wa cucu, nyanya yetu, unakaa juu ya jukwaa na kombeo. Sasa huwezi kurushia kila mtu jiwe, utachoka. Unasikiza kwanza, huyu ni mlaji ama ni mpita njia."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Mimi nilikuwa nimejifunza ndege kwenye deki mbili, nikiwarudia mara mia, nikiulizwa na bosi kwa nini nyimbo za wateja hazijawa tayari. Yeye alikuwa amejifunza akila ndizi juu ya jukwaa. Majina ya kitabu hakuyajua. Alisema "yule wa kulalamika", "yule wa mvua", "yule mwizi wa mtama anayejifanya mgeni", na kila mara Mwalimu alifungua kitabu, akaonyesha picha, na ilikuwa ndiye.

Mwalimu akaniomba nimtengenezee yule msichana nakala za kaseti zote tano, majina yakiandikwa kwenye jalada, ili ayashike. Nilifanya jambo la aibu. Dukani kulikuwa na katoni ya kaseti zilizochoka, za kwaya, zilizofutwa na kurekodiwa juu yake mpaka utepe ukalegea. Nikamtengenezea kwenye hizo. Zile nzuri zilikuwepo kwenye rafu juu ya kichwa changu, na nilizitazama nikiwa nafanya hivyo.

Jumamosi iliyofuata alinijia akitabasamu. "Fundi, nyuma ya hua wako kuna sauti ya tatu na ya nne. Kwaya nzima."

"Kanda zimekwisha dukani," nikasema.

"Si ni sawa tu. Sasa nikisikia hua nakumbuka kanisa." Akanishukuru, na alimaanisha. Katika wiki moja alikuwa ameshika majina yote, kwaya ikiimba.

Hapo ndipo barua moja ilipokuja. Ofisi moja ya Nairobi ilikuwa inaanza kazi ya miezi sita kwenye vinamasi vya huko magharibi, na ilimwomba Mwalimu mtu mmoja, mtu wa masikio, kijana anayeweza kuamka mapema na kukaa kwenye maji. Mtu mmoja. Mwalimu alituambia atamtaja baada ya hesabu kubwa ya bwawa, Jumamosi mbili zijazo. Hakumtazama yeyote alipokuwa akisema, lakini sote tulijua ni kati yangu na yule msichana. Mimi nilijiona tayari: nimetoka kwenye lile duka, nimeamka bila orodha ya nyimbo za mtu, ndege ndiyo kazi yangu na si mchezo wa Jumamosi. Nilitaka ile nafasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikilala nilimwona yeye ndani ya mtumbwi wangu.

Siku ya hesabu kulikuwa na ukungu, ng'ambo ya bwawa haikuonekana. Nilikuwa nimeweka betri mpya na kufuta kichwa cha wokmani kwa pamba na spiriti. Mwalimu alinitazama juu ya miwani.

"Leo mpe yeye wokmani, kijana. Hajawahi kuishika. Wewe una masikio, nenda upande wa kusini bila mashine."

Huenda ilikuwa sifa. Mimi niliipokea kama kofi. Nilimkabidhi yule msichana mfuko mbele ya watu na nikamweleza alama za pembeni kwa ukali, kama anavyoelezwa mtoto.

"Nitachunga, Fundi," akasema, akaondoka na kundi la kaskazini.

Nilikwenda kusini na yule karani, nikitembea haraka mpaka akalalamika. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba leo nitapata kitu kisichopatikana kwa mluzi wala kwa mashine. Tukafika kwenye matete. Tukasimama. Na kutoka ndani ya ukungu nikasikia punje ya kwanza kwenye sufuria, ya pili, ya tatu, halafu zote zikamwagika.

Nilimshika karani mkono mpaka akashtuka. Nilitoa daftari. Nakumbuka nilichoandika kwa sababu daftari hilo bado ninalo: *Saa moja na dakika ishirini na mbili. Shoro wa matete. Mara moja, wazi kabisa. Mtu anagonga nguzo ng'ambo.*

Niliandika hivyo kwa mkono wangu, mimi niliyemngoja yule fundi viatu aende msikitini.

Sikungoja hesabu iishe. Nilizunguka hadi kwenye gari la Mwalimu, nikamwambia. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema nimemsikia kwa masikio yangu. Alivua miwani, akaifuta, akasahau kuivaa tena. "Nilijua yumo," akasema. "Waliniambia ni ndoto zangu, na mimi nilijua."

Kundi la kaskazini likafika. Yeye alikuja moja kwa moja kwangu na daftari lake wazi, tuyalinganishe kama kawaida.

"Leo hakuna haja," nikamwambia. Sikutaka kukaa naye bega kwa bega juu ya ukurasa mmoja, siku hiyo ikiwa yangu.

"Si ndiyo sheria yako?" akauliza taratibu.

"Nimeshampa Mwalimu."

Alimwangalia Mwalimu, ambaye alikuwa anamwonyesha karani ile picha kwenye kitabu na kucheka kile kicheko. Kisha akanitazama mimi. Akafunga daftari. "Hongera, Fundi," akasema, akaenda kufuta matope kwenye gambuti.

Kabla ya saa sita Mwalimu alikuwa ametangaza jina langu. Barua angeituma Alhamisi. Madaftari yote alinipa mimi nikayaandike safi, kama kawaida.

Jumapili sikumbuki kama niligusa ardhi. Jumatatu nilifika dukani nikipiga mluzi, nikaweka kaseti ya mteja, nikakaa. Upande wa pili wa ukuta mzee wa kofia aliketi, akaweka kiatu kwenye chuma, akapiga: ko, ko. Kisha akatulia, anatafuta msumari mwingine.

Mikono yangu ilielewa kabla ya kichwa. Nilichomoa daftari la upande wa kaskazini kutoka kwenye mfuko, nikafungua. Mwandiko wake ni wa mviringo, wa shule ya msingi, hauna haraka. *Saa 1:22. Kaseti ya 5, wa mwisho. Nimepiga mara moja. Hakuna aliyejibu.*

Ndege wa Mwalimu alikuwa mimi. Nilikuwa nimemkata, nimemuunga kwa selotepu, nimemchonga alama tano, na aliponijia juu ya maji sikumjua mtoto wangu mwenyewe. Kama ningekaa na yule msichana dakika mbili na kulinganisha, tungemfuta tukicheka.

Nilifikiria kunyamaza. Nitasema ukweli: nilifikiria siku nzima. Madaftari yalikuwa kwangu, ukurasa mmoja ungeweza kulowa chai. Lakini kilichonila si dhamira, ni yeye. Alijua. Alikuwa amenishika mkononi na ananiacha niende, labda mpaka nifike huko magharibi, ndipo aseme. Jioni nikamfuata Kimbo.

Alikuwa nje ya chumba chake akichagua mboga kwenye ungo. Alinipa kigoda. Sikuketi.

"Ulijua," nikasema.

"Si nilikuwa nimeshika wokmani mimi, ningekosa kujua aje?"

"Na unangoja nini? Nifike huko ndio uniaibishe?"

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha nyingine. "Haiya. Mimi nilikuletea daftari. Ukakataa. Nikaona vile umefurahi, na Mwalimu vile amefurahi." Akaokota jani bovu, akalitupa. "Fundi, tangu nikujue sijawahi kukuona umefurahi. Nikasema wacha nikae kwanza, labda utajisomea mwenyewe ukiandika."

"Na kama nisingesoma?"

"Basi ungeenda. Mimi nitapata kitu kingine."

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulilainika. Nilikasirika. Masikio alikuwa nayo, mluzi alikuwa nao, kicheko cha Mwalimu alikuwa nacho, na sasa ilibainika kwamba hata utu ulikuwa kwake zaidi. Nilimwonea wivu hata kwa ile nafasi aliyokuwa tayari kuniachia. Kurudi chumbani nilikwenda kwa miguu nikiongea peke yangu.

Jumatano niliomba ruhusa dukani nikaenda Membley. Mwalimu alinitengenezea chai kabla sijasema kitu, na kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa shoro. Nikaweka madaftari mawili sambamba mbele yake, nikaweka kidole kwenye dakika ile, huku na huku. Alisoma. Alisoma tena maneno *mtu anagonga nguzo*. Nikamweleza kuhusu fundi viatu.

Hakunigombeza. Alichukua rula na kalamu nyekundu, za siku zake za kusahihisha, akapiga mstari juu ya ndege wake, mstari ulionyooka. Kisha akafunga kitabu. "Ni sheria nzuri," akasema. Chai yake ilipoa bila kuguswa, na sijawahi kusahau kwamba huyo ndiye niliyemwibia zaidi.

Alhamisi barua iliondoka na jina la yule dada.

Wiki moja kabla ya safari alikuja dukani, akasimama upande wa wateja, akaniomba nimpangie kaseti za huko magharibi. Mwalimu alikuwa amempa wokmani. "Kuna ndege huko siwajui," akasema. "Mtama wetu hawakuwahi kula. Na mimi kupanga sijui, Fundi. Hiyo ni wewe."

Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na niliifanya kwa wivu mtupu. Nilitumia kaseti za rafu ya juu. Nilimuuliza Mwalimu kuhusu kila ndege wa vinamasi vile, huimba saa ngapi, kwenye maji ya kina gani. Nilichonga alama, nikazijaribu gizani chini ya meza, nikiwa nimefumba macho, nikijifanya ni mimi niliye kwenye mtumbwi na mkono mfukoni. Kila wimbo niliousafisha nilijiambia huu ataupiga yeye, na ndege watakaojibu watamjibu yeye.

Shoro alikuwa wa mwisho tena. Mwalimu alijitolea kuiazima ile sahani mara ya pili, nirekodi upya, Ijumaa nyingine, bila kelele. Nikakataa. Nikanakili rekodi ileile ya zamani, na mwishoni ko, ko, nikaacha. Nilimwambia Mwalimu kwamba hakuna wakati, na haikuwa kweli. Nilitaka huko alikokwenda na nafasi yangu, kila atakapobonyeza na kungoja jibu kutoka kwenye matete, awe anasikia kwanza duka langu.